Moyo ukipiga polepole: waya mmoja au nyaya mbili?

Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba. Hesabu mapigo kwa dakika moja. Mtu mzima aliyetulia hupata 60 hadi 100. Mchimbaji mwenye nguvu anaweza kupata chini ya 60, naye ni mzima. Lakini mapigo machache pamoja na kizunguzungu au kuzimia ni hatari. Hapa Rwamgasa, anayezimia shimoni anaweza asitoke hai.

Huo si uchawi. Moyo una umeme wake. Umeme ukikwama njiani, moyo huchelewa kupiga.

Dawa nyingine hupunguza mapigo. Kwa hiyo mwonyeshe mganga dawa zote unazotumia. Kama sababu si dawa, huenda ukahitaji betri ya moyo. Betri hii hufichwa chini ya ngozi ya kifua. Mtu wa kwanza kuwekewa mwilini ni Arne Larsson wa Sweden, mwaka 1958. Alifariki mwaka 2001.

Zipo betri za aina mbalimbali. Ya waya mmoja husukuma chumba cha chini cha moyo. Ya nyaya mbili huongoza chumba cha juu na cha chini, vipige kwa zamu. Siku hizi waya huweza pia kuwekwa kwenye njia ya asili ya umeme wa moyo. Tena ipo betri ndogo isiyo na waya, inayokaa ndani ya moyo.

Wapo wanaosema tusubiri iliyo bora. Mimi nasema, wazee wangu, tusisubiri. Mwaka 2005 madaktari wa Uingereza walitoa matokeo ya wagonjwa 2,021 wenye miaka 70 na zaidi, ambao umeme wa moyo ulikuwa umekwama. Waliowekewa waya mmoja na waliowekewa nyaya mbili walifariki kwa kiasi karibu sawa. Nyaya mbili zina faida kwa baadhi ya wagonjwa, na daktari ndiye atakayechagua. Lakini waya mmoja leo ni bora kuliko nyaya mbili baada ya mazishi.

Anza zahanati, uombe rufaa. Betri hizi huwekwa katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Ukishawekewa, rudi kupimwa kila unapopangiwa, maana betri huisha. Kabla ya kurudi machimboni, muulize daktari kuhusu mashine za kuchomelea vyuma.

Usishuke shimoni kabla hujapimwa.