Handeni, Korogwe: Ngozi ya mnyama ipimwe kabla ya sindano

Mfugaji wa Mkata au Mombo anayeamka na kukuta ng'ombe wake ametoka vivimbe shingoni na mbavuni ana njia mbili. Ya kwanza ni kumtafuta Bwana Mifugo wa kata, ambaye huenda yuko kijiji kingine na pikipiki yake haina mafuta. Ya pili ni kwenda duka la dawa za mifugo, kueleza kwa mdomo alichokiona, na kurudi nyumbani na chupa ya oksitetrasaiklini au ya ivamektini, mara nyingine zote mbili. Njia hii ya pili humalizika kwa nusu saa, ndiyo maana wengi huifuata. Matokeo yake ni kwamba katika wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, magonjwa ya ngozi hutibiwa kwanza, kisha hutafutwa jina lake baadaye, kama litatafutwa kabisa.

Haitakuwa haki kumlaumu mfugaji. Dalili za ngozi ni chache na magonjwa ni mengi. Uvimbe, magamba, mwasho na kunyonyoka manyoya vinaweza kusababishwa na virusi, bakteria, ukungu, wadudu, hata majani aliyokula mnyama. Mtu asiye na kipimo hulazimika kukisia, na muuza duka naye hukisia vilevile, tofauti ikiwa kwamba yeye hulipwa kwa kukisia.

Ugonjwa unaotisha zaidi kati ya hayo ni ule wa mapele ngozi. Ng'ombe hupata homa kali inayoweza kuvuka nyuzi 41, matezi huvimba, kisha vivimbe vigumu vya mviringo hujitokeza kichwani, shingoni, kwenye kiwele na miguuni, vikiwa na upana wa kuanzia nusu sentimita hadi sentimita tano. Vivimbe hivyo hupita unene wote wa ngozi, na vingine hukauka katikati na kuchomoka kama kizibo, vikiacha shimo. Kwa kawaida ugonjwa huu huua wachache, chini ya mmoja kati ya kumi, lakini anayepona hubaki na hasara: maziwa hupungua, mimba hutoka, dume huweza kushindwa kuzalisha kwa muda au moja kwa moja, na ngozi haina tena thamani kwa mnunuzi. Virusi hivyo huenezwa na inzi wang'atao, mbu na kupe, hivyo maeneo ya mabondeni kando ya Mto Pangani huwa katika hatari zaidi baada ya mvua. Ng'ombe chotara wa maziwa wanaofugwa Korogwe huumia kuliko zebu wa asili wa Handeni, kwa sababu mbegu za Ulaya hazina uvumilivu wa zebu dhidi ya virusi hivi.

Kosa la kuutambua vibaya lina umri sawa na ugonjwa wenyewe. Ulipoonekana kwa mara ya kwanza mwaka 1929 katika nchi ambayo leo ni Zambia, wataalamu walidhani ng'ombe wamekula sumu au wameumwa na wadudu. Miaka zaidi ya kumi ilipita kabla ya kuthibitika, katika miaka ya 1940, kwamba unaambukiza, na kufikia wakati huo ulikuwa umeingia Afrika Kusini, ambako mamilioni ya ng'ombe waliugua hadi mwaka 1949. Kenya iliupata mwaka 1957. Ikiwa madaktari wa mifugo walihitaji muda wote huo, muuza duka wa Segera asitarajiwe kuutambua kwa kusikiliza maelezo mezani.

Maana vivimbe si vya mapele ngozi peke yake. Ng'ombe aliyeumwa na nyuki, au aliyedhurika na chakula au dawa, huvimba mwili mzima kwa saa chache, lakini uvimbe wake ni laini na hutoweka ndani ya siku moja au mbili. Kuna virusi vya jamii nyingine vinavyoleta vipele vinavyofanana sana na hivyo, ila ni vya juu juu na hupona bila kuacha shimo. Kuna utitiri wanaoishi ndani ya vinyweleo, ambao hutengeneza vijivimbe vidogo shingoni na mabegani. Mfugaji huenda asiwaone kabisa, lakini ngozi ikifika kiwandani na kusafishwa hugundulika imejaa matundu. Na kuna chunjua, ambazo kwa ndama huweza kuisha zenyewe.

Upande wa magamba mambo ni hayo hayo. Ndama mwenye viduara vya kijivu kuzunguka macho ana mapunye, ugonjwa wa ukungu ambao hupona wenyewe baada ya miezi kadhaa, lakini huwapata watoto wanaomchezea. Mbuzi anayejikuna mpaka anajichubua masikio na uso, na wenzake wakianza kujikuna pia, huyo kwa kiasi kikubwa ana ukurutu. Ng'ombe ambaye wakati wa masika manyoya yake ya mgongoni yanashikana kama brashi ya rangi iliyokaukiwa, na chini yake kuna gamba zito lenye unyevu, ana ugonjwa wa bakteria uitwao dematofilosi. Ugonjwa huo ulielezwa kwa mara ya kwanza katika Kongo ya Wabelgiji mwaka 1915, na bakteria wake bado anabeba jina la Kongo. Huenda sambamba na kupe wakubwa wenye madoadoa ya rangi, kwa hiyo josho lisilofanya kazi ni sehemu ya sababu.

Halafu kuna lile ambalo karibu halitajwi dukani. Lantana, kichaka chenye maua ya rangi mchanganyiko kinachoota ovyo katika mashamba yaliyoachwa, huharibu ini la ng'ombe anayekila wakati wa ukame. Ini likishindwa kazi, ngozi huungua kwa jua, na huungua kwenye mabaka meupe tu, ile nyeusi ikibaki salama. Dalili hiyo mtu yeyote anaweza kuiona kwa macho. Dawa yake ya kwanza ni kivuli na kumwondoa mnyama kwenye kichaka hicho. Hakuna sindano ya ukurutu wala ya bakteria itakayomsaidia.

Sasa tuangalie fedha. Ivamektini ni dawa nzuri ya ukurutu, lakini haifanyi lolote kwa mapele ngozi, mapunye wala dematofilosi, na kwa kawaida lebo zake hukataza isitumiwe kwa ng'ombe ambaye maziwa yake yanakwenda kwa watu. Oksitetrasaiklini huua bakteria wa dematofilosi, lakini haigusi virusi, ukungu wala utitiri. Kwa mapele ngozi kazi yake ni kuzuia vidonda visioze, basi. Chukua mfano wa ng'ombe anayetoa lita nane kwa siku. Akidungwa oksitetrasaiklini ambayo lebo yake inaagiza maziwa yasitumike kwa siku saba, mfugaji anatakiwa kumwaga lita 56. Kama alikuwa na mapunye, lita zote 56 zimepotea bure, pamoja na bei ya dawa. Na kama hakumwaga, kama wengi wanavyofanya, maziwa hayo huingia kwenye kopo la pamoja katika kituo cha kukusanyia. Dawa iliyomo huua vijidudu vinavyogandisha mtindi, na mzigo wa wafugaji wengine kumi unaharibika kwa ajili ya mnyama mmoja.

Kipimo ambacho kingezuia hasara hiyo si cha gharama kubwa. Ofisa mifugo hukwangua ukingo wa kidonda kwa wembe butu wenye tone la mafuta mpaka damu ianze kuchungulia, kisha huweka alichokipata kwenye kioo cha darubini. Utitiri wa ukurutu wakionekana, shauri limekwisha. Wasipoonekana, huenda ikabidi kurudia, kwani hujificha. Nywele zilizolowekwa kwenye maji ya potasi huonyesha ukungu. Gamba la dematofilosi likilainishwa kwa maji na kupakwa rangi ya Giemsa, bakteria huonekana wamejipanga safu mbili mbili kama reli inayopita Korogwe. Rangi hiyo ya Giemsa ndiyo inayotumika kupima malaria, na darubini ni ile ile. Vituo vya afya vina mafundi wanaoitumia kila siku. Ni vigumu kueleza kwa nini ofisi ya mifugo katika mji wenye mnada na kituo cha maziwa ikose kifaa ambacho upande wa afya ya binadamu ni cha kawaida kabisa.

Mapele ngozi yenyewe hayathibitishwi kwa darubini. Sampuli ya kivimbe au gamba lake lazima ifike maabara kubwa, kama ile ya Wakala wa Maabara ya Veterinari Temeke au ya Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro, ikiwa ndani ya kasha la barafu. Hapo ndipo penye ugumu halisi, na ugumu huo ni wa kiuchumi kuliko wa kitaalamu. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inamtaka mfugaji kutoa taarifa. Lakini mfugaji anajua kwamba taarifa huweza kuleta karantini, na karantini hufunga mnada. Anayetoa taarifa anabeba hasara yeye na jirani zake. Anayenyamaza huwahi kuuza mnyama kabla vivimbe havijatoka. Kwa hesabu hiyo, kunyamaza kuna faida, na hakuna semina itakayombadilisha mtu mawazo wakati ada ya shule inamsubiri.

Kinachoweza kubadilisha hesabu hiyo ni kasi ya majibu. Majibu yakirudi ndani ya siku chache, karantini inaweza kuhusu kijiji kimoja au viwili badala ya wilaya nzima, na ikaondolewa mapema endapo ugonjwa umekuwa mwingine. Majibu yakichelewa wiki kadhaa, ofisa hana la kufanya ila kufunga kila kitu au kufumba macho.

Kwa Handeni jambo hili limekuwa zito zaidi tangu Juni 2022, pale kaya kutoka Ngorongoro zilipoanza kuhamishiwa kijiji cha Msomera pamoja na mifugo yao. Mjadala wa uhamisho huo ni mrefu na una mahali pake. Kwa upande wa afya ya mifugo inatosha kusema kwamba makundi yaliyokulia mbali sasa yanakunywa maji na kula malisho karibu na makundi ya wenyeji, na kila upande unaweza kuwa na ugonjwa ambao upande wa pili haujauzoea.

Kampeni ya kitaifa ya chanjo iliyozinduliwa Bariadi mkoani Simiyu mwezi Juni 2025 ililenga homa ya mapafu ya ng'ombe, sotoka ya mbuzi na kondoo, na magonjwa ya kuku. Uamuzi huo una mantiki, kwani magonjwa hayo huua. Hata hivyo mapele ngozi hayakuwa katika orodha hiyo, ingawa chanjo yake ipo na imethibitika: nchi za Balkani zilichanja ng'ombe wao kwa wingi mwaka 2016 na 2017, na ugonjwa ukazimika. Chanjo huhitaji kama wiki tatu kabla kinga haijakamilika, kwa hiyo ya kungoja vivimbe vionekane imeshachelewa. Na ichomwe kwa sindano mpya kwa kila mnyama, maana sindano moja ikizungushwa zizi zima, mtoa chanjo ndiye anakuwa mbu.

Halmashauri za Handeni na Korogwe hukusanya ushuru minadani kila wiki. Sehemu ya fedha hiyo itengwe kwa darubini moja katika kila mji wenye mnada, chupa za Giemsa na potasi, kasha la barafu, na nauli ya kupeleka sampuli Temeke au Morogoro kwa basi la usiku. Wauza dawa nao wapewe karatasi ya maswali sita ya kumuuliza mfugaji kabla ya kumuuzia: wameugua wangapi, wanajikuna au hapana, wana homa au hapana, kuna mnyama mgeni zizini, vidonda viko kwenye mabaka meupe tu au popote, na je, kuna mtu nyumbani mwenye upele. Vifaa hivyo viwe vimefika kabla mvua za masika hazijaanza mwezi Machi.