Mwanasheria wa Kanisa

Ukitoka Mto wa Mbu ukapanda ukingo wa Bonde la Ufa, kabla hujafika geti la Ngorongoro unapita Karatu, na kwa miaka mingi ukiitaja Karatu mtu alikuuliza habari za Dk. Willibrod Slaa. Wengi humwita padri wa zamani, wakaishia hapo. Husahau kwamba udaktari wake ni wa sheria za Kanisa, alizozisomea Roma, na kwamba aliwahi kuwa Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu Katoliki. Hiyo si sheria ya mipaka ya mashamba. Ni ya nadhiri, ndoa na mali ya parokia. Nayo ina jambo gumu: daraja la upadri likishatolewa halifutiki, na ruhusa ya kuacha useja hutolewa na Papa peke yake. Basi aliyevua kanzu akawa mume na baba alikijua kifungu kuliko waliomnong'ona vibarazani. Kwangu, hakuacha utumishi, alihama mimbari. Alikuwa mbunge wa Karatu kuanzia 1995 hadi 2010, na Septemba 2007, pale Mwembeyanga, Temeke, alipowataja hadharani aliowatuhumu kwa ufisadi, alisema ana nyaraka, kama mtu aliyefundishwa kwamba shauri bila ushahidi ni umbea. Mwaka 2010 aligombea urais, akawa wa pili nyuma ya Jakaya Kikwete. Na kiti chake cha Karatu? Wapigakura wakampa Mchungaji Israel Natse.