Uzamivu wa Kwanta Hautoshi Bila Fundi wa Maabara

Silikoni imechunguzwa kuliko semikondakta nyingine yoyote. Ikipimwa maabara katika joto la kawaida, pengo lake la nishati, yaani kiasi cha nishati ambacho elektroni huhitaji ili iachane na atomu zake na kuanza kupitisha umeme, ni takriban elektronivolti (eV) 1.1. Pengo hilohilo likikokotolewa kwa kompyuta, kwa njia iliyozoeleka zaidi, jibu huwa karibu na nusu ya hapo. Programu haina hitilafu, wala mwanafunzi hajakosea. Kasoro imo ndani ya makadirio ya nadharia yenyewe, na wanafizikia wanaifahamu kwa miongo mingi kwa sababu moja tu: silikoni ilishapimwa.

Afrika Mashariki ina kila sababu ya kuutafakari mfano huu. Masomo ya juu ya fizikia na sayansi ya materiali yanapanuka. Taasisi ya Nelson Mandela ilianza kupokea wanafunzi Tengeru, Arusha, mwaka 2011. Kigali, ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda, ilifunguliwa mwaka 2018 taasisi ya fizikia ya Afrika Mashariki kwa ushirikiano na kituo cha Trieste, Italia, alichokianzisha Abdus Salam mwaka 1964. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana historia ndefu ya kuchunguza tabaka nyembamba za kuvuna nguvu ya jua, wakishirikiana na wenzao wa Uppsala, Sweden. Swali la umma si tena kama masomo haya yaanzishwe. Swali ni fedha chache zilizopo ziende wapi kwanza.

Hadi sasa kompyuta imeonekana kuwa jibu jepesi, na kwa haki kabisa. Nadharia iliyo nyuma ya ukokotoaji huo, ambayo Walter Kohn na wenzake waliiweka msingi mwaka 1964 na 1965, na iliyompa Kohn Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1998, imewezesha sifa za materiali kukokotolewa kuanzia kwenye kanuni za kwanta bila kugusa sampuli. Programu ya Quantum ESPRESSO, iliyokulia Trieste, inapatikana bure. Shule ya Afrika ya mbinu hizi, ASESMA, ilianza mwaka 2010, na mwaka 2012 ikafanyika Eldoret. Mwanafunzi wa Eldoret anaweza kutumia zana ileile anayoitumia mwenzake wa Zurich, na makala yake ikasomwa kwa uzito uleule. Huo ni ushindi mkubwa, na waliouhangaikia wanastahili heshima.

Lakini ushindi huo una mpaka. Mwanafunzi wa uzamivu anayetengeneza unga wa oksidi kwa ajili ya betri au seli ya jua huanza na vitu vinavyopatikana: mizani, tanuru, kemikali. Unga ukishatoka kwenye tanuru, anahitaji kujua atomu zimejipangaje, na hapo ndipo anapohitaji mashine ya eksirei na hadubini ya elektroni. Kama mashine hizo hazipo, au zipo ila zimekufa, unga unawekwa kwenye kichupa na kutumwa ng'ambo. Baada ya muda mrefu hurudi picha chache. Zikionyesha jambo asilolitegemea, ambalo kwa mtafiti ndilo lenye thamani kuliko yote, hawezi kurudi mashineni jioni hiyo kupima tena. Anaandika tasnifu kwa picha alizonazo.

Mashine kufa ni jambo la kawaida mno. Mradi wa wafadhili huinunua, pampu ya ombwe huchakaa baada ya mradi kufungwa, na bajeti ya chuo haina fungu la vipuri. Fundi sanifu aliyejifunza kuihudumia hana ngazi ya kupanda kazini kama mhadhiri, hivyo huondoka. Kila shahada mpya inayotangazwa bila fundi huyu kuajiriwa ni ahadi nusu.

Wapo wanaouliza, kwa nia njema, iwapo nchi yenye uhaba wa dawa ina haki ya kugharimia fizikia ya kwanta. Jibu lipo Arusha kwenyewe, ambako maji ya visima vingi yana floridi inayoharibu meno na mifupa. Askwar Hilonga, mhandisi wa kemikali aliyepata uzamivu wake Korea Kusini, aliunda kichujio kinachounganisha mchanga na materiali za nano, kinachoweza kurekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika. Mwaka 2015 alishinda tuzo ya ubunifu wa uhandisi Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 25,000. Mashine za MRI hospitalini nazo zinafanya kazi kwa kanuni za kwanta, na sumaku zake nyingi hupozwa kwa heliamu kimiminika, gesi ambayo akiba yake ilitangazwa Rukwa mwaka 2016.

Somo la mbinu za utafiti nalo linahitaji kutazamwa upya. Mwanafizikia hafaidiki sana na mihadhara ya kuandaa dodoso. Anahitaji kujua kusawazisha kipimo, kukadiria kosa, na kupima kama jibu la kompyuta limetulia au linaendelea kuyumba kila anapoongeza usahihi.

Kuhusu mashine, mfano upo Jordan. Kituo cha SESAME, kilichofunguliwa mwaka 2017, kinamilikiwa kwa pamoja na nchi zikiwemo Misri, Iran, Israeli, Pakistan, Uturuki na Palestina. Kama nchi hizo zimeweza kugawana chanzo kimoja cha mwanga wa eksirei, nchi 8 za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinaweza kugawana maabara moja ya vipimo yenye hadubini, nitrojeni kimiminika na mafundi wa kudumu. Gharama za umeme ziliielemea SESAME mpaka ikajengewa mtambo wake wa jua. Basi makubaliano ya aina hiyo hapa yaanze kwa kuandika nani atalipa umeme, mishahara ya mafundi na pampu mpya katika mwaka wa sita, ufadhili wa mwanzo ukishakwisha, kabla mashine ya kwanza haijaagizwa.