Aliye Nyuma ya Mlima Meru Naye ni Raia

Wageni wanaopanda kutoka Tengeru kwenda Nkoaranga, wakiyaona madishi yaliyotundikwa juu ya mapaa ya bati, tena pengine juu ya nyumba ambayo kuta zake hazijapata kupigwa lipu, aghalabu hutikisa vichwa na kusema kwamba watu wa huku wamependa anasa kabla ya wakati wake. Hukumu hiyo nimeisikia mara nyingi, na kila niisikiapo huiona kuwa ni dhuluma, kwa sababu anayeitoa hajajisumbua kuuliza ni kitu gani kimemlazimu mkulima wa kahawa na ndizi kununua chombo ambacho kitamdai fedha kila mwezi. Kilichomlazimu ni mlima. Meru, wenye kimo cha zaidi ya mita 4,500, umetupa maji na udongo wa rutuba tangu enzi za babu zetu, lakini ndio huo huo uliotuwekea kivuli katika jambo la televisheni, na kanuni zetu za utangazaji zimeandikwa kana kwamba nchi yote ni tambarare.

Mawimbi ya televisheni yanayorushwa kutoka minara ya ardhini husafiri kwa mstari ulionyooka, wala hayana hila ya kukizunguka kilima kikubwa kilichosimama njiani. Mtu wa Kaloleni, wa Njiro au wa Sakina, mjini Arusha, huinua antena yake ndogo akapata picha bila ya taabu, ilhali miteremko ya Meru imechanwa na makorongo marefu yashukayo kutoka msituni, na aliyejenga chini ya ukingo wa korongo, kama nilivyojenga mimi, huupata mnara wa mjini kwa bahati. Seuze watu wa Oldonyo Sambu na Ngarenanyuki, ambao mlima wenyewe umesimama kati yao na mji. Hao wa Ngarenanyuki, nakumbusha kwa wasiojua, ndio waliofukuzwa katika ardhi yao mwaka 1951, na mwaka uliofuata mjumbe wa Wameru, Kirilo Japhet, akalifikisha shitaka lao mpaka Umoja wa Mataifa huko New York. Sauti yao ilivuka bahari. Habari za saa mbili usiku kutoka katika nchi yao wenyewe ndizo zinazoshindwa kuuvuka mlima.

Zamani mambo yalikuwa na nafuu ya namna yake. Tanzania Bara ilichelewa sana kuingia katika televisheni: Kenya na Uganda walikuwa nayo tangu mwanzo wa miaka ya 1960, Zanzibar ikapata yake, tena ya rangi, mwanzoni mwa miaka ya 1970, nasi tukakaa mpaka mwaka 1994 ndipo vituo vya watu binafsi, ITV miongoni mwao, vikaanza kurusha matangazo, na kituo cha taifa kikaja baada yao. Kwa kuwa tulikuwa na kiu ya miaka mingi, hatukujali sana picha ilipokuja na chenga. Mfumo ule wa analojia ulikuwa na huruma: ishara ikiwa dhaifu, picha ilififia, nyuso za watangazaji zikawa kama zimepakwa majivu, ila sauti ilisikika na mtu akaambulia neno la waziri au bei ya mahindi. Mtoto alitumwa nje kuizungusha antena huku wa ndani wakimpigia kelele kwamba pale, pale hapo, usiiguse tena.

Kisha ikaja dijitali. Mkataba uliofikiwa Geneva mwaka 2006 chini ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano uliziwekea nchi nyingi kikomo cha tarehe 17 Juni 2015, na Tanzania ikaamua kuwatangulia majirani zake, ikazima mitambo ya analojia Dar es Salaam usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, na zamu ya Arusha ikafika katika miezi ya mwanzo ya mwaka 2013. Mjini watu walinunua ving'amuzi na kufurahia picha safi. Huku kwetu ndipo tulipotambua kwamba dijitali haina huruma ile ya analojia, maana ishara yake ama inatosha na picha inang'aa, ama haitoshi na hakuna kitu kabisa. Waliokuwa wakitazama kwa chenga hawakuhamishwa kwenda katika ubora, walizimiwa. Na katika hotuba zote nilizozisikia mintarafu ya mafanikio ya mabadiliko yale, sikumsikia hata mmoja akiwataja.

Ndipo dishi likaingia nyumbani kwangu. Setilaiti haina habari na mlima, kwani imekaa juu ya mstari wa Istiwai, yaani Ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini, ikizunguka sawasawa na dunia hata ikaonekana kama imetulia mahali pamoja. Arusha ni takriban nyuzi tatu tu kusini mwa mstari huo, na longitudo yake inakaribia nyuzi 37 za mashariki. Kwa hiyo setilaiti ya nyuzi 36, ambayo DStv huitumia, iko karibu utosini petu, na dishi lake hulala chali kama beseni lililotegeshewa mvua, ilhali ile ya nyuzi 7, inayotumiwa na Azam tangu ilipoanza mwishoni mwa mwaka 2013, iko upande wa magharibi, juu ya vilima vya Monduli. Apitaye mitaani akaona madishi ya majirani wawili yametazama pande mbalimbali asidhani kwamba fundi mmojawapo alilewa.

Fundi aliyekuja kwangu alikuwa kijana mwenye adabu na mwenye kuijua kazi yake. Baada ya kuniamkia alizunguka nyumba kimya, akaitazama migomba, kisha akasema, "Mzee, leo hii migomba iko chini, lakini masika ikipanda itakaa mbele ya dishi, nawe utaniita na kunilaumu bure." Tukalihamishia kwenye paa la jiko, akalikaza kwa spana huku akikisikiliza kifaa chake kidogo kikilia, akasogeza kidogo, akasogeza tena, na picha ikaja safi hata wajukuu wakapiga makofi. Aliniambia pia mambo mawili ambayo wauzaji dukani hawakuyataja: kwamba mvua kubwa ya masika itaikata picha, kwa sababu mawimbi yale ni mafupi mno na matone ya maji huyameza, na kwamba mwishoni mwa mwezi wa tatu, na tena katika mwezi wa tisa, jua litapita nyuma ya setilaiti na kuifunika kwa dakika chache za mchana. Yote mawili yalikuwa kweli. Hayo ni mambo ya Mungu, nami sina shitaka nayo.

Wala sitakana kwamba dishi limetuletea kheri. Mpira, kwa mfano, ambao mimi si mpenzi wake mkubwa, umehamia huko moja kwa moja: mkataba uliotiwa saini mwezi Mei 2021 baina ya Shirikisho la Mpira wa Miguu na Azam, wa miaka kumi na wa thamani ya shilingi bilioni 225.6, uliiweka ligi kuu ya nchi ndani ya king'amuzi, na kwa hiyo siku Simba wanapokutana na Yanga asiye na king'amuzi humwendea mwenye nacho, au hulipa kiingilio katika kibanda umiza akasongamana na wenzake kwenye mabenchi. Sebule yangu siku hizo huwa baraza, na chai ya nyumbani huisha. Sioni ubaya. Burudani ni bidhaa, na anayeitaka bidhaa hana budi kulipa.

Shitaka langu ni juu ya kitu kingine, nacho ni yale yasiyo bidhaa. Mjini, mwenye king'amuzi cha mnara ambaye kifurushi chake kimekwisha huendelea kuziona chaneli za taifa za kutazamwa bure, kwa kuwa ndivyo kanuni zinavyoamuru, na ni amri ya insafu. Mimi mwenye dishi sijaiona dhamana ya namna hiyo. Kwangu kifurushi kinapokwisha, na katika nyumba ya mkulima hukwisha hasa katika miezi ile ambayo ada za shule zimedaiwa na kahawa haijauzwa, chaneli zilizo nyingi hujifunga, na maandishi ya kunitaka nilipe hukaa juu ya kioo. Basi hesabu ni hii: mtu wa mjini mwenye mshahara hutazama taarifa ya habari bure, na mtu wa korongoni, aliyenunua dishi kwa sababu mlima haukumwachia njia nyingine, huitazama kwa kulipa.

Jambo hili lilipata kuibuka hadharani. Mwezi Agosti 2018, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliposhikilia kwamba leseni za kampuni za setilaiti haziziruhusu kubeba chaneli za bure za hapa nchini na kuwatoza watu fedha kwa kuzitazama, chaneli hizo ziliondolewa katika ving'amuzi vya Azam, DStv na Zuku. Katika asili ya hoja Mamlaka ilikuwa na haki, kwani kilicho cha bure hakifai kuuzwa. Lakini dawa iliyochaguliwa ilimwumiza mgonjwa: badala ya kampuni kuamriwa kuziacha chaneli hizo wazi kwa kila mwenye dishi, aliyelipa na asiyelipa, ziliondolewa wakati huo hata kwa aliyelipa. Mjini watu walinunua king'amuzi cha pili. Sisi wa mlimani king'amuzi cha pili kingetufaa nini?

Najua watakaosema kwamba nafasi katika setilaiti hukodiwa kwa fedha nyingi za kigeni, na kwamba kampuni haikuanzishwa ili kutoa sadaka. Ni neno la haki, na jibu lake limekwisha kupatikana kwingine. Ufaransa, nchi yenye mabonde ya Alps na Pyrenees ambako minara haifiki, iliona kwamba dijitali ingewaacha watu gizani, na chaneli za bure zikapatikana kwa setilaiti pasipo malipo ya mwezi. Huduma iitwayo Fransat ilianza mwaka 2009. India ilianza yake ya bure tangu mwaka 2004 kwa mkono wa shirika lake la utangazaji la umma. Afrika Kusini, wenzetu wa karibu zaidi, walipopanga kuhama walikiri kwamba minara ingewafikia asilimia 84 ya watu, na asilimia 16 waliobaki wakapangiwa setilaiti. Hawakuwaacha wakajitafutie.

Nasi tunao mfuko wa kulitenda jambo hili. Sheria ya mwaka 2006 iliunda Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, unaochangiwa na kampuni za mawasiliano ili huduma zifike pale ambapo biashara peke yake isingezifikisha, na minara ya simu imejengwa vijijini kwa auni yake. Maadamu fedha hizo zinaweza kumjengea mtu wa kijijini mnara wa simu, zinaweza pia kuchangia kodi ya nafasi chache katika setilaiti, ili TBC, kituo cha taifa, na vituo vingine vya bure vionekane katika kila dishi, king'amuzi kiwe kimelipiwa au hakikulipiwa.

Kwa hiyo namwomba waziri mwenye dhamana ya habari, na Mamlaka ya Mawasiliano, waiandike haki hiyo ndani ya leseni za kampuni za setilaiti. Na wabunge wa Arumeru Mashariki na Arumeru Magharibi, ambao wapiga kura wao wanaishi katika kivuli hiki, waliulize swali hili bungeni. Wakiuliza wakati kifurushi changu kimekwisha, mnitumie ujumbe wa simu.