Kikulacho Raga ya Watu 13 Ki Nguoni Mwake

Nianze kwa kukiri mapema, kabla mtu hajanikosoa: mimi ni mchezaji wa raga ya watu 15. Ndiyo raga tunayoicheza hapa Uganda, ndiyo raga ya Kyadondo, ndiyo iliyotuletea Kombe la Afrika mwaka 2007. Raga ya watu 13, ambayo wenyewe huko Uingereza na Australia huiita raga ya ligi, sijawahi kuicheza hata siku moja. Huitazama tu kwenye simu, usiku, bando likiruhusu. Hata hivyo insha hii naiandika kuitetea.

Kilichonichokoza ni mjadala wa bwenini. Mwenzangu mmoja, shabiki mkubwa wa soka, alitukuta tunatazama mechi ya ligi ya Australia akasema: "Ndugu zangu, mchezo huu unakufa. Uacheni ufe kwa amani. Watu wameshachagua soka, na anayetaka raga anayo ya 15. Hii ya tatu ni ya nini?" Wengine walicheka. Mimi sikucheka, na sababu yake ni ya nyumbani.

Nilipokuwa kidato cha pili, shule yetu ilikuwa na timu ya raga. Haikuwa timu ya kutisha. Tulikuwa na mpira mmoja ulioshonwa mara tatu, na kocha wetu alikuwa mwalimu wa fizikia. Muhula uliofuata tuliporudi kutoka likizo tulikuta nguzo zetu zimeng'olewa, zimelazwa nyuma ya jiko kama kuni. Uwanja umepewa soka, ambayo ilikuwa tayari na uwanja wake. Tuliambiwa kwamba wanafunzi wenyewe ndio waliochagua. Hakuna kura iliyopigwa. Hakuna aliyetuuliza. Tangu siku hiyo, nikimsikia mtu akisema "watu wamechagua", mimi huuliza kwanza: nguzo aling'oa nani?

Sasa tuulize swali hilo kuhusu raga ya watu 13.

Kwa msomaji asiyeijua, tofauti yake na raga yetu ni hii. Kila upande una wachezaji 13 badala ya 15. Mchezaji akikabwa na kuangushwa, huinuka, huuweka mpira chini na kuusukuma nyuma kwa mguu, mchezo ukaendelea. Timu ikikabwa mara sita bila kufunga, hutoa mpira kwa wapinzani. Hakuna ile milundo ya watu juu ya mpira ambayo hata sisi tunaoicheza hatuelewi nani amekosea. Ni mchezo wa mbio, wa nguvu, na wa kueleweka.

Lakini haukuzaliwa kwa sababu ya sheria. Ulizaliwa kwa sababu ya mshahara. Wachezaji wa kaskazini mwa Uingereza walikuwa wachimba makaa na wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Walifanya kazi mpaka Jumamosi, na aliyekwenda kucheza alikatwa ujira wake. Klabu zao ziliomba jambo dogo: mchezaji afidiwe ujira alioupoteza. Wakuu wa raga, wengi wao watu wa kusini waliosoma shule za matajiri, wakakataa. Kwao mchezo haukupaswa kuguswa na pesa. Ni rahisi kuidharau pesa wakati baba yako anayo. Tarehe 29 Agosti 1895, klabu zaidi ya 20 zilikutana katika hoteli ya George mjini Huddersfield zikaunda chama chao. Mwaka 1906 walipunguza wachezaji kuwa 13. Upande wa pili ukajibu kwa marufuku: aliyevuka kwenda kwao alifungiwa maisha, na mlango huo ulikaa umefungwa kwa miaka 100.

Hapo nguzo aling'oa nani? Jibu halina utata.

Tutazame Ufaransa. Mchezo huu uliingia huko mwaka 1934 na kukua kwa kasi iliyowatia hofu wenye raga ya 15. Mwaka 1941 serikali ya Vichy, iliyokuwa ikishirikiana na Wajerumani, iliupiga marufuku na kuchukua mali zake. Vita vilipokwisha uliruhusiwa tena, lakini kwa miongo kadhaa ulinyimwa hata haki ya kujiita raga. Uliitwa tu "mchezo wa watu 13". Leo mtu akisema Wafaransa waliipenda zaidi raga ya 15, namwambia asome habari hiyo kwanza.

Sitaki kudanganya, kwa hiyo nikubali pale mwenzangu alipo na hoja. Bingwa wa kwanza wa chama kile cha kaskazini, msimu wa 1895 na 1896, alikuwa klabu ya Manningham ya mjini Bradford. Mwaka 1903 klabu hiyo hiyo, ikiwa na shida ya fedha, iliacha raga na kuingia soka. Ndiyo Bradford City ya leo, na bado inacheza katika uwanja ule ule wa Valley Parade. Mwaka 1911 ilitwaa Kombe la FA. Hakuna serikali iliyowalazimisha. Soka iliwashinda kwa haki. Mpinzani anaweza kukunyang'anya klabu, tena bingwa.

Anaweza pia kukunyang'anya wachezaji. Agosti 1995 raga ya 15 iliruhusu malipo, yaani jambo lile lile ililolikataa miaka 100 kabla, na mara ikaanza kuwanunua nyota wa jirani. Fainali ya Kombe la Dunia la raga ya 15 ya mwaka 2003, iliyochezwa Sydney kati ya Uingereza na Australia, ilikuwa na trai mbili tu. Moja aliifunga Lote Tuqiri, nyingine Jason Robinson. Wote wawili walilelewa na kupata umaarufu katika raga ya 13. Kandanda ya Australia nayo ilijaribu: klabu mpya ya GWS Giants ya magharibi ya Sydney, katikati ya eneo la raga ya 13, ilimsajili Israel Folau. Alicheza msimu mmoja wa ligi yao kuu, mwaka 2012, akaondoka.

Lakini tazama vizuri, wenzangu. Marufuku ya miaka 100 haikuua mchezo. Vichy haikuua. Soka, pamoja na ukubwa wake wote, haikuua. Wigan, St Helens na Hull bado zina timu. Mwenzangu anasema mchezo unaliwa na wapinzani. Mimi nasema kikulacho ki nguoni mwako. Kitakachoumaliza ni viongozi wake kuanza kuwatazama watu wao kwa macho ya wale waliowakataa mwaka 1895.

Ushahidi ninao. Mwaka 1995 kampuni ya News Corporation ya Rupert Murdoch iliutaka mchezo huu kwa ajili ya televisheni zake. Australia ikagawanyika, mwaka 1997 zikachezwa ligi mbili zinazogombea watazamaji wale wale, huku kandanda ya Australia ikitazama na kufurahi. Uingereza iliambiwa iziunganishe klabu jirani: Castleford, Wakefield na Featherstone ziwe timu moja. Fikiria mtu anakuambia KCCA na SC Villa ziwe klabu moja kwa sababu zote ziko Kampala! Mashabiki waliandamana mpaka mpango huo ukatupwa.

Pande mbili za Australia zilipopatana mwaka 1997, zilikubaliana ligi ibaki na timu 14. Hivyo baada ya msimu wa 1999 South Sydney, klabu iliyoanzishwa mwaka 1908 na yenye ubingwa mwingi kuliko zote, iliambiwa haina nafasi. Hawa hawakufukuzwa na soka wala na raga ya 15. Walifukuzwa na ndugu zao, kwa hesabu za karatasini. Mwaka 2000 makumi ya maelfu ya watu waliandamana katika mitaa ya Sydney kuitetea, kesi ikaenda mahakamani, na mwaka 2002 South Sydney ikarudi uwanjani. Mwaka 2014 ikawa bingwa. Wataalamu waliosema klabu hiyo haina soko wakati huo walikuwa wapi?

North Sydney, jirani yao, hawakuwa na bahati hiyo. Waliunganishwa na wapinzani wao wa Manly, ndoa ikavunjika, wakatoweka katika ligi kuu. Sasa jina lao la Bears linarudishwa mwaka 2027, lakini mjini Perth, upande wa pili wa bara. Jina limerudi, mtaa wake haukurudi nalo.

Najua nitajibiwa: "Mchezo usiopanuka hufa, kwa hiyo viongozi wafanyeje?" Sipingi kupanuka. Papua New Guinea itapata timu katika ligi ya Australia kuanzia mwaka 2028, na nafurahi. Naijua siasa iliyomo. Serikali ya Australia imeahidi dola milioni 600 za nchi hiyo kwa miaka 10, na hazitolewi kwa mapenzi ya trai. Ni kwa sababu ya China. Lakini huko mchezo uko tayari katika vijiji na masoko. Ndio mchezo wa taifa. Pesa imewafuata watu. Linganisha na Toronto, ambako timu ilibuniwa ikapandishwa haraka mpaka ligi kuu ya Uingereza, na mwaka 2020, katika msimu wake wa kwanza huko, ikajiondoa kwa kukosa fedha. Kule pesa ilitangulia ikitarajia watu wataifuata.

Nalaumu pia utaratibu mpya wa Uingereza. Tangu msimu wa 2025 nafasi katika ligi kuu hutolewa kwa alama, na matokeo ya uwanjani ni sehemu tu ya alama hizo. Nyingine hutokana na mapato, uwanja, watazamaji na mambo kama hayo. Maana yake timu ya mji maskini inaweza kushinda mechi zake ikabaki chini kwa sababu mji ni maskini. Mchezo uliozaliwa kumtetea asiye na kitu sasa unamhesabia umaskini wake kama kosa.

Tena njia nyingine ipo, na wameshaionyesha wenyewe. Kombe la Dunia lililochezwa Uingereza mwaka 2022 liliwaweka pamoja wanaume, wanawake na wachezaji wa viti vya magurudumu, katika mashindano mamoja. Fainali ya viti vya magurudumu, Uingereza ikiwashinda Wafaransa 28 kwa 24, ilinifanya nikae macho nikisahau mtihani wa asubuhi. Katika mchezo huo wasio na ulemavu na wenye ulemavu, wanaume na wanawake, hucheza timu moja. Hakuna mpinzani mwenye jambo kama hilo. Hapo ndipo pa kuweka nguvu, badala ya kuiga ukubwa wa soka, ukubwa usioweza kuigwa.

Sisi tunaosoma Kiswahili Uganda tunapaswa kulielewa jambo hili kuliko wengine. Tumeambiwa mara ngapi kwamba Kiingereza kinatosha, Luganda kipo, hii lugha ya tatu ni ya nini? Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, na tulishangilia. Lakini karatasi ya wakubwa haikuzi lugha kama wanaoizungumza hawaheshimiwi.

Kwa hiyo namjibu mwenzangu wa bwenini hivi. Sijui kama raga ya watu 13 itakuwepo Wigan miaka 50 ijayo. Ninachojua ni kwamba ikifa, usiniambie watu walichagua kabla hujahesabu nguzo zilizong'olewa, na mikono iliyozing'oa. Na wale wa shule yangu, kama mmoja wao atasoma insha hii, ajue kwamba tuliendelea kucheza, nje ya uzio, kando ya migomba, tukitumia mawe mawili badala ya nguzo.