Bei ya kikombe cha kahawa kule Ulaya



Juma hili tuongee juu ya feza ambazo ndugu zetu wanatutumia kutoka Ulaya. Ninaanza na kosa langu mwenyewe.

Mwezi uliopita mdogo wangu, anayefanya usafi katika maofisi kule Brussels, Ubelgiji, alitutumia euro 50. Katika kikao cha jamaa shemeji mmoja akasema: «Euro 50? Huko hiyo ni pesa ya soda tu!» Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka. Tena ni mimi niliyemwandikia aongeze.

Hakukasirika. Aliniuliza tu: «Yaya, unajua soda huku ni bei gani?»

Tukahesabu pamoja. Ukikaa mkahawani Brussels, kikombe cha kahawa au chupa ndogo ya soda ni karibu euro 3. Hata maji ni ya kununua, maana mikahawa mingi haikupi maji ya robine bure. Dukani soda hiyohiyo ni bei nafuu sana. Mkahawani unalipa pia kiti, umeme na mshahara wa yule anayekuhudumia.

Nikasema: «Lakini mshahara wenu ni mkubwa.» Kweli, kwa mtu anayefanya saa zote, mshahara wa chini Ubelgiji unazidi kidogo euro 2,000 kwa mwezi, mbele ya makato. Lakini nyumba ya chumba kimoja cha kulala inaweza kula euro 900. Halafu kuna gazi ya kupasha nyumba moto wakati wa baridi, tiketi za basi, bima na chakula. Mdogo wangu hapati hata saa zote za kazi. Amepanga nyumba pamoja na mwenzake.

Sasa hesabu ya kilasi ya tano: kahawa moja ya euro 3, siku 22 za kazi. Ni euro 66. Yeye hanunui. Anapika kahawa nyumbani na kuibeba katika termosi. Maji anajaza chupa robineni, kwa kuwa huko yananywewa bila kuchemshwa. Kwa hiyo zile euro 50 zilitoka katika vikombe ambavyo hakunywa, na kampuni ya kutuma feza ilikata yake pembeni.

Na ile picha tuliyoipenda, amekaa Matonge, mtaa wa Brussels uliopewa jina la Matonge ya Kinshasa, Fanta mbele yake? Ilikuwa siku ya ubatizo. Fanta alinunuliwa.

Wazee walisema: usione vyaelea, vimeundwa. Mimi nafundisha watoto kuhesabu, lakini ya mdogo wangu sikuwa nimeihesabu.

Nimemwomba msamaha. Nimemwambia pia jambo ambalo hakuna mtu alimwambia: zile euro 50 zililipa minervali ya watoto wawili, nao hawakufukuzwa shuleni. Alinyamaza, kisha akalia.

Wamama, mbele ya kuandika «ongeza», tuandike kwanza «ile uliyotuma ilifanya hivi». Kikao kijacho nitaomba ubao na kipande cha chaki. Shemeji atafanya ile hesabu mwenyewe.

Mubaki na amani mpaka juma lijalo.