Historia ya Jikoni Ibandikwe Mlangoni

Usione vyaelea, vimeundwa. Aghalabu methali hii hutajwa kwa kumsifu fundi, ila mla mkahawani ana sababu ya kuitazama kwa jicho jingine. Yeye huiona sahani tu: ugali umesimama, sukuma wiki yang'aa kwa mafuta, nyama yafuka moshi. Jiko lililoviunda vyote hivyo limo nyuma ya pazia. Alijuaye ni bwana afya, ambaye huja, hukagua, huandika, kisha huenda zake na alichokiandika.

Hapo ndipo penye kasoro. Nchini Kenya, ukaguzi huu una mizizi katika Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, iliyoanza kutumika mwaka 1921, na tangu ugatuzi wa mwaka 2013 kazi yenyewe imo mikononi mwa kaunti. Mteja, hata hivyo, huonyeshwa leseni iliyotiwa fremu juu ya kichwa cha keshia. Leseni yathibitisha kwamba ada imelipwa. Haisemi iwapo mwezi uliopita mende walikutwa katika gunia la unga. Nacho cheti cha afya cha mpishi, kidumucho miezi sita, chaeleza hali ya mtu siku aliyopimwa, wala si hali ya sinki.

Mwaka 2017 kipindupindu kilibisha hodi hata katika hoteli za kifahari jijini Nairobi, na mwezi wa Julai serikali ikaagiza wahudumu wa vyakula wapimwe upya. Watu walipigwa na butwaa, kana kwamba vijidudu husoma bei kwanza kabla ya kuingia.

Kwingineko siri hii ilifichuliwa zamani. Los Angeles ilianza kubandika herufi za usafi mwaka 1998. Toronto, tangu 2001, hutumia kadi za kijani, manjano na nyekundu. Huko Wales, tangu Novemba 2013, mkahawa hulazimika kisheria kuonyesha alama yake, kuanzia 0 hadi 5, na kibandiko chenyewe kimeandikwa kwa Kiwelisi na Kiingereza. Wapenzi wa Kiswahili na walitafakari hilo.

Wapo wanaohofu kwamba alama zitanunuliwa kwa kitu kidogo. Yamkini. Ndiyo maana herufi moja haitoshi. Yafaa ibandikwe historia nzima, yenye tarehe na makosa yaliyokutwa, ili mkaguzi wa pili aweze kumuumbua wa kwanza. Hoja iliyo nzito zaidi ni ya mama wa kibandani. Hana maji ya mfereji, si kwa uzembe wake, bali kwa kuwa mfereji haukumfikia. Kumpa alama mbaya kwa kosa la kaunti ni dhuluma, na kaunti inayotaka kumkagua sharti imfikishie maji kwanza.

Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 35, yampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola. Kifungu cha 46 chamwongezea mnunuzi haki ya kuarifiwa kuhusu anachonunua. Kifungu cha 7 chakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Taarifa ya ukaguzi, kwa Kiswahili kinachosomeka na mpishi na mteja pia, yaweza kuning'inizwa kando ya leseni ile ile. Msumari tayari upo ukutani.